Kichwa cha Jenerali Uani Kwetu

Mama yangu alikuwa akiwanywesha kuku wake kwenye kichwa cha Jenerali. Nasema mapema ili mtu asije akashtuka huko mbele. Kilikuwa kichwa cha sanamu, cha alumini, kikubwa kama pipa, kitupu ndani, na mama alikuwa amekipindua utosi chini akakifukia hadi puani ili kuku waifikie shingo. Juu ya ardhi ilibaki midomo na kidevu. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wa chai, alichota maji akayamimina humo, kuku wakaja mbio wakisukumana. Hakucheka wala hakununa. Alifanya kama anavyofagia uwanja, akimaliza anajipangusa mikono kwenye gauni na kwenda zake.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nayeyusha alumini na kuunda masufuria, tanuri liko nyuma ya nyumba, na ukishinda mbele ya moto ule hata salamu yako inatoka kama ugomvi. Mama hakuwa hivyo. Mama alikuwa mtu wa kumeza. Alimeza maneno yake mpaka wengine wakadhani hana. Tangu alipoolewa ndiye aliyemshindilia baba mchanga wa kalibu, zile za kuumbia masufuria, na ngumi zake zilikuwa ngumu kuliko za wanaume wengi wa mtaani. Watu walimwita Mama Redio.

Redio alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Aliongea akila, aliongea akioga, alimsimulia mama mambo ya chuo huku mama anashindilia mchanga, na mama alikuwa akimwambia basi, baba, pumua kidogo. Alikuwa na kama miaka kumi na tisa alipochukuliwa. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa bado nabebwa mgongoni nikichoka.

Sasa, Jenerali watu walimwita Bwana Kimya, na si kwa sababu alikuwa mpole. Msafara wake ukipita, kila aliye barabarani alitakiwa kusimama, kuelekea barabara na kunyamaza. Si kunyamaza kwa heshima tu, kunyamaza kabisa. Mafundi walizima mashine. Wanawake waliwatia watoto titi mdomoni. Siku hiyo Redio alikuwa anatoka chuo cha ufundi na wenzake, msafara ukapita, na yeye akafanya kitu. Kitu gani, mpaka leo hakuna anayejua. Mmoja alisema alipiga mluzi. Mwingine alisema alipiga chafya. Wa tatu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alisema Redio alimnong'oneza tu kwamba leo mzee kachelewa. Lori la mwisho la msafara lilisimama, askari wakashuka, wakampandisha. Ndiyo hivyo tu. Hakupigwa hata kofi mbele za watu.

Mama alikwenda kwenye lango la kambi. Akaambiwa hakuna mtu kama huyo. Alipokuwa anageuka, luteni mmoja kijana aliyekuwa zamu akamwambia kwa sauti ya chini alete nguo safi na chakula, vitamfikia. Jamani, mtu asiyekuwepo anavaaje nguo? Mama aliondoka pale karibu anacheka kwa furaha. Kwa hesabu yake, nguo zikipokelewa basi mtoto yupo, na kama yupo atarudi. Akawa anapeleka kila wiki. Anafua, anapiga pasi, anakunja, anaweka juu ya chakula kitambaa ili mvuke usilowanishe shati. Aliomba arudishiwe zilizochafuka akazifue. Luteni akamwambia hizo zinafuliwa huko huko.

Siku moja kulikuwa na joto la kuunguza, luteni akawa amefungua vifungo vya juu vya sare yake. Ndani mama akaona kola ya shati. Aliijua ile kola. Aliishona mwenyewe ilipochanika, kwa uzi wa buluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Luteni akanyoosha mkono kupokea nguo za wiki hiyo, mama akampa, akasema asante, akarudi nyumbani. Hakwenda tena. Siku hiyo alishindilia mchanga mpaka baba akamwambia sasa hii si kalibu, hii ni tofali. Majirani walipouliza habari za Redio, mama alijibu kwamba amesafiri. Nami nikakua nikijua nina kaka msafiri, mpaka siku mama aliponisimulia habari za ile kola.

Kisha Jenerali akapinduliwa na maafisa wake mwenyewe. Alikimbilia nchi nyingine akafia huko, kitandani, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee. Siku habari za mapinduzi zilipotangazwa watu waliteremka mjini na kamba na nyundo wakaiangusha sanamu yake. Serikali yake ilikuwa imetangaza kwamba ni shaba tupu kutoka utosini hadi kisigino. Baba akaenda na mkokoteni kununua vipande, akakwangua rangi kwa tupa, akakuta alumini. Shaba yote ililiwa na mtu. Hao wanaotuambia leo kwamba enzi zake hakukuwa na wizi, waje kwangu niwape somo bure.

Baba aliyeyusha mikono, akayeyusha kifua na nishani zake, akayeyusha mabuti. Mtaa wetu ukapikia sufuria za Jenerali. Kilipobaki kichwa, sikio moja limekatika na shavu limebonyezwa na nyundo, mama akatoka jikoni akasema hicho asikiguse, hicho ni chake. Hakuwahi kuomba kitu katika ndoa ile, baba alishangaa. Akampa. Mama akachimba shimo.

Baba alikiona kichwa kile kila siku na hakikumfurahisha, maana baba, mtanisamehe, alimtetea Jenerali mpaka dakika ya mwisho. Chuo alichosomea ufundi kilijengwa na Jenerali. Tanuri lake la kwanza alipewa na Jenerali, kwa mpango wa kuwasaidia mafundi. Alisema Jenerali mwenyewe hakujua, ni vijana wake waliomharibia. Nilipokuwa msichana nilimpigia kelele kwa hilo, nikamuuliza kama Redio naye alichukuliwa na vijana wasiokuwa na mkubwa. Aliinuka akaenda kukaa nyuma ya tanuri. Sasa nimekuwa mtu mzima namwelewa, na kunaniuma kumwelewa. Baba hakuweza kukubali kwamba mkono uliompa kazi ndio uliomnyang'anya mtoto. Angekubali, angeishije na kila sufuria aliyoiunda?

Mama hakubishana naye. Aliwapa kuku maji.

Moshi wa tanuri ulimla baba mapafu polepole. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa amelazwa, na alilazwa pale pale wanapolazwa wote, hospitali kubwa yenye kuta za kijani ambayo watu bado wanaiita Hospitali ya Jenerali. Mimi nilishakuwa na tanuri mkononi mwangu kwa muda mrefu. Mama alimpelekea uji kila mchana. Akikaa naye, baba alimwonyesha dari, akamwonyesha madirisha, akamwambia tazama upana wa korido hii, siku hizi nani anajenga hivi.

Na hakuwa peke yake tena. Huko nje upepo ulikuwa umegeuka. Redioni kila jioni kulikuwa na mjadala kuhusu Jenerali, alikuwa muuaji au mjenzi. Vijana ambao hata mama zao walikuwa hawajaolewa enzi zile walivaa fulana zenye sura yake. Bei zikipanda, utasikia mtu kwenye foleni anasema angekuwepo Bwana Kimya wangenyooka hawa. Wateja wakaanza kunijia dukani wakiuliza kwa sauti ya chini kama nimebakiwa na sufuria ya Jenerali. Nikawauzia. Sufuria nimeiunda juzi kwa mabati ya paa na rimu za pikipiki, nawaambia hii ni bega la kushoto. Wanaipokea kwa mikono miwili. Sioni haya hata kidogo.

Ndipo wakaja wale wawili. Wa kwanza alikuwa mhadhiri wa historia, mtu wa miwani na adabu, alimwamkia mama shikamoo mara mbili kwa kuwa ya kwanza aliona hakusikika. Wa pili alikuwa kanali mstaafu, mnene, mwenye fimbo, ambaye hakusema mengi. Walikuwa wa kamati. Serikali ilikuwa imekubali sanamu irudishwe, isimamishwe mbele ya hospitali, na kiwiliwili kilikuwa kimeshaumbwa kwa saruji. Walikwama kwenye uso. Wachongaji watatu walikuwa wamejaribu kwa kutazama picha, na kila uliotoka ulifanana na mjomba wa mtu.

Hapo lazima nieleze kazi yetu. Ukitaka sufuria, unachukua sufuria nyingine, unaishindilia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kisha unaitoa kwa uangalifu. Inabaki nafasi yake, na humo ndimo unamomimina alumini iliyoyeyuka. Kwetu hakuna kuchonga wala kukisia. Bila kitu chenyewe cha kukandamiza mchangani, huna kalibu. Kwa hiyo walikuwa wamekuja kwa ajili ya kile kichwa, shavu ningelijaza nta na sikio ningeliiga la upande wa pili, nacho kikishatumika wangekichukua kabisa, maana hakikustahili, alisema mhadhiri kwa upole, kubaki hapa kilipo.

Mama akauliza kuku wake watanywea wapi.

Mhadhiri hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chetu na kueleza, na nilitaka sana kumchukia nikashindwa, kwa sababu hakuwa mjinga wala mwongo. Alisema hakuna mtawala aliye kitu kimoja. Alisema yeye mwenyewe alipoteza mjomba enzi zile, lakini wanafunzi wake walizaliwa salama katika hospitali ile ile, na taifa linalotaja makaburi tu bila kutaja hospitali linasema nusu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza makaburi hayo yako wapi, maana anayasikia yakitajwa na hajawahi kuonyeshwa hata moja. Mhadhiri akavua miwani akaifuta. Akasema hilo ndilo ambalo hata wao watafiti hawajalipata. Walikunywa chai, wakaaga, hawakupata kichwa.

Kesho yake kanali alirudi peke yake. Nilikuwa napanga mkaa, nikamwona anasimama uani akitazama kile kidevu kilichotoka ardhini. Mama alikuwa anachambua mchanga kwa chekecheke. Hakuinua uso.

"Umenenepa," mama alimwambia. "Lile shati lisingekutosha sasa."

Sikuelewa mara moja. Kanali alielewa. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na fimbo yake ikaanguka asiiokote. Nilipong'amua ni nani, nilichukua koleo la tanuri, na sijui ningelifanyia nini. Mama akaniambia nilirudishe mahali pake. Akamwambia kanali aseme alichokuja kusema.

Alisema anajua Redio alipo. Alisema amekaa na jambo hilo muda mrefu na anazeeka. Kama mama atatoa kichwa na mimi nitaunda uso, siku sanamu itakapokamilika atampeleka mama hadi mahali penyewe, amwonyeshe kwa kidole. Mama akamuuliza kwa nini asimwambie sasa hivi kama roho inamsuta. Akajibu kwamba Jenerali alikuwa kama baba kwake, kwamba anataka kumwona amesimama tena kabla hajafa, na kwamba mama akishajua hatatoa kitu. Angalau hilo alilisema kweli.

Alipoondoka nilimwaga yote. Nilimwambia mama kwamba mtu yule alivaa nguo za mwanawe na leo anamuuzia mama mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nilimwambia siwezi kuiweka sura ile barabarani kwa mikono yangu, watu waipite wakienda kutibiwa. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake. Alinisubiri nimalize, mikono yake ndani ya mchanga.

"Wewe unataka haki," aliniambia. "Mimi nataka mahali pa kukaa. Nimlilie mtu akiwa mahali."

Asubuhi iliyofuata alikifukua kichwa mwenyewe kwa jembe, akakisugua kwa majivu ndani na nje, macho, pua, hadi udongo wote ukatoka. Kuku aliwawekea sufuria iliyotoboka ambayo alikuwa ameiziba kwa matambara.

Tulishindilia pamoja, yeye upande mmoja mimi upande mwingine. Baba akiwa hospitali nilihitaji ngumi zake, na bado zilikuwa ngumi. Tulipokitoa kichwa mchangani, uso ulibaki umezama ndani ya sanduku la mchanga, kila kunyanzi, kila unywele wa sharubu, unatutazama kutoka chini. Mama aliutazama muda mrefu. Aliniuliza kama mashimo ya macho yametoka vizuri. Nikasema yametoka.

Siku ya kumimina, kanali alikuja kusimamia. Alisimama nyuma yangu akinihimiza, gari la saruji linasubiri, kamati inasubiri, mheshimiwa fulani anasubiri, na mimi kwa hasira nikamimina kabla alumini haijaiva sawasawa. Ikipoa kabla ya kufika ncha za kalibu, ncha hazijai. Fundi wa mwezi mmoja anajua hilo. Tulipovunja mchanga, Jenerali alitoka na kila kitu isipokuwa pua. Badala ya pua kulikuwa na shimo, na sharubu chini yake kama kawaida.

Mama alicheka. Alianza polepole, akashika ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi sikuwahi kusikia kicheko kile, nilikuwa mdogo mno mara ya mwisho kilipotoka. Nikacheka naye. Halafu kanali naye akaanza kucheka, labda kwa aibu, na mama akanyamaza pale pale. Akaniambia niwashe tanuri upya.

Cha pili kilitoka kizuri. Nasema kweli tupu, ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikisugua kwa msasa kutwa, nikampa kanali. Akachukua vyote viwili, kipya na cha zamani, akavipakia garini.

Wiki ile ile akaja na gari kutuchukua. Nilikuwa nimebeba jembe dogo na mama amebeba shuka nyeupe mpya, imekunjwa. Nilidhani tunakwenda nje ya mji, kwenye mashimo ya mawe ambako watu walisimulia mengi. Gari likakata kuelekea hospitali. Nikafikiri labda anataka kumjulia baba hali kwanza, unafiki wa wazee. Akatuongoza mpaka ukumbi wa wagonjwa wa nje, ule wenye mabenchi marefu ambako watu wanasubiri kuitwa. Ulikuwa umejaa. Akatembea hadi mwisho, chini ya saa ya ukutani, karibu na bomba la kunawia mikono. Akasimama.

"Ni hapa," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye fimbo. Wakati ule msingi wa hospitali ulikuwa umechimbwa na haujajazwa. Walileta watu wa kambini kwa malori, alfajiri, na yeye mwenyewe alisimamia lori la pili, alimokuwa Redio. Mafundi wa saruji walipofika asubuhi waliambiwa wamwage, wakamwaga. Nikamuuliza, mara moja tu? Akatikisa kichwa. Nilimuuliza ni wangapi, akahamishia fimbo mkono wa pili. Mama akamuuliza ilikuwa lini, na alipotaja mwezi, mama alihesabu midomo ikicheza. Ilikuwa kabla ya fungu la kwanza la nguo. Nguo zote zile, pasi zote zile, Redio alikuwa tayari chini ya sakafu hii.

Kisha mama akamuuliza kama Redio alikuwa amevaa kitu. Kanali alitutazama, kwanza yeye, halafu mimi. Akaondoka bila kuaga, fimbo ikigonga sakafu, na watu wakampisha kwa heshima.

Mama alivua viatu. Akamwomba kijana mmoja aliyefungwa bendeji asogee kidogo, akakaa kwenye benchi, shuka yake mapajani. Mimi nilikuwa nimesimama na jembe langu kama mwehu katikati ya wagonjwa. Orofa ya juu ya pale pale ndiko nilikomzalia mwanangu.

Sikukaa kimya, mnanijua. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali, akaniuliza kama ninataka abomoe ukumbi unaotibu nusu ya mji kwa maneno ya mzee mmoja. Nilikwenda kwa mhadhiri. Yeye alikaa chini, akaniomba nirudie tena, na niliporudia akalia kweli. Alikwenda kwa kanali siku ile ile. Kanali akamwambia hajui ninazungumzia nini, sisi ni watu tuliochanganyikiwa kwa msiba wa zamani. Mhadhiri akajitoa kwenye kamati. Aliniambia ananiamini, lakini bila mtu wa kusimama na kusema, hawezi kuandika hata mstari. Nilimtukana. Siku hizi najuta kidogo, alikuwa peke yake upande wetu.

Sanamu ilisimamishwa mbele ya lango. Kulikuwa na bendi, hotuba, na mtu alisema kwa kipaza sauti kwamba leo historia imemtendea haki mjenzi wa taifa. Walisema sura inafanana kama ya mtu hai. Mama alipita kando yake na chupa ya uji, hakuinua macho wala hakuharakisha.

Kila siku alifika asubuhi, akakaa chini ya saa ile mpaka muda wa kuwaona wagonjwa, akapanda kwa baba, akashuka akakaa tena. Wauguzi walimwonea huruma, wakafikiri ni mapenzi ya mumewe. Wakati mwingine nilimkuta midomo inacheza. Nilijua anamsimulia. Baba hatukumwambia. Daktari alikuwa ametuonya asishtuliwe, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikafunga mdomo.

Basi baba akapata nafuu, akaruhusiwa. Nilimteremsha ngazi nikimshika kiwiko, amekonda, mfuko wa nguo mkononi, na furaha yote usoni. Mama alikuwa kwenye benchi lake. Baba alisimama kupumzisha pumzi, akaupiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwenzake. Alisema hakuna ufa hata mmoja, miaka yote hii. Akamwambia mama waende nyumbani, hospitali wameichoka.

"Tangulieni," mama alisema. "Mimi bado nina mtu hapa."

Baba akacheka, akauliza ni nani tena huyo, si mgonjwa mwenyewe ndiye huyu ametoka. Mama akasogeza shuka yake, akampa nafasi kwenye benchi, na baba akakaa. Mama akamwambia. Hakupaza sauti, na hakumlaumu kwa lolote. Alisema ni Redio, yupo hapa chini walipoketi, walimmwagia saruji wakati wa kujenga, na mtu aliyewaleta ndiye aliyemwonyesha.

Baba alinitazama nimwambie si kweli. Nikainamisha kichwa. Watu walikuwa wakipita mbele yetu na ndala zao, mfagizi akasukuma maji ya sabuni mpaka karibu na bomba. Baba aliitazama sakafu ile muda mrefu. Kisha akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akabaki ameketi hivyo, miguu hewani, mzee wa watu na kifua chake kibovu, haoni pa kuiweka.